Shingo Zilizovuka Marenga Mkali

Kisa hiki nimekisikia Dodoma mjini, nikakisikia tena Mpwapwa: babu alikuwa mpagazi, kipandauso kilimsumbua miaka mingi, siku moja akatua mzigo na upande mmoja wa mwili ukapooza. Wasimulizi wana hakika kwamba mzigo ulipasua mshipa wa shingo. Hakika hiyo inanitia shaka. Nani aliona ndani ya shingo ile?

Nikaenda Chunyo, ukingoni mwa nyika ya Marenga Mkali, ambako misafara ya karne ya 19 ilijaza vibuyu maji kabla ya kuikabili nyika hiyo njiani kwenda Ugogo. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi: nguo na shanga kwenda bara, pembe kwenda pwani. Lakini pembe ilikaa begani, si kichwani. Je, maandishi ya wakati ule yanataja shingo?

Vitabu vya wasafiri vina homa, kiu, ndui, na hongo waliyotozwa na watemi wa Ugogo. Kuna kupooza kumoja maarufu: Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1857, akabebwa kwa machela mwaka uliofuata akielekea Ziwa Tanganyika. Ila yeye alishikwa pande zote mbili, katikati ya homa kali, na kiharusi kwa kawaida hushika upande mmoja. Ushahidi huo nimeuweka kando. Basi tiba ya leo inasema nini?

Inasema uhusiano upo. Utando wa ndani wa mshipa wa shingo huchanika, damu ikapenya kwenye ukuta wake, bonge likajengeka na huenda likasukumwa hadi kwenye ubongo. Wenye kipandauso hupatwa na mchaniko huo karibu mara mbili ya wengine, hasa wale wasioona vimulimuli kabla ya maumivu. Wanaoona vimulimuli nao wana hatari ya kiharusi karibu mara mbili, hata mshipa ukiwa mzima. Mara mbili ya hatari ndogo bado ni hatari ndogo. Wengi wenye kipandauso hawatapooza kamwe. Kwa nini basi kisa cha mpagazi kinaaminika hivi?

Nadhani ni kwa sababu ya mpangilio wake: kichwa kwanza, kupooza baadaye. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Mshipa unaochanika huuma wenyewe, shingoni na kichwani, upande mmoja, saa au siku kadhaa kabla ya kiharusi. Familia iliyozoea kipandauso cha baba ingesema, ni kile kile. Huenda maumivu ya mwisho hayakuwa kipandauso hata kidogo. Na mzigo je?

Utafiti uliofanywa Hai na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006 ulikuta kiharusi kipya jijini ni karibu mara tatu ya kijijini Hai, baada ya kusawazisha umri. Mizigo ya kichwani ingekuwa chanzo kikuu, Hai ingeongoza. Shinikizo la damu ndilo mshitakiwa wa kwanza nchini. Hilo halisafishi kila mzigo, wala kila mkandaji anayezungusha shingo hadi ilie. Lakini miongoni mwa vijana wanaopatwa na kiharusi, ambao shinikizo halielezi yote, ni wangapi mshipa wao ulichanika?

Leo mashine za kupiga picha mishipa zipo Dodoma. Wakati wa mpagazi hazikuwapo. Mama wa Chunyo mwenye kipandauso cha miaka yote, akiamka na maumivu mapya ya shingo upande mmoja, kope imelegea, anahitaji hospitali siku hiyo hiyo, si dawa ya duka na kulala. Nani nyumbani kwake atamwuliza: mama, haya ni yale ya siku zote?