Lishe ya Mtoto Azaliwaye na Matumbo Nje: Habari za Kivu

Tangu Wabelgiji walipoasisi, mwaka 1947, taasisi ya utafiti iliyojulikana kwa herufi za IRSAC, na baadaye kuijengea makao huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, mji ambao zama hizo uliitwa Costermansville, matabibu wa Kivu, nchi ya milima mashariki ya Kongo, walishughulika mno na namna ya kumrudishia uzima mtoto aliyedhoofishwa na unyafuzi. Na maarifa waliyoyachuma, ambayo thamani yake haijapungua hata leo, yalisimama juu ya sharti ambalo hapakuwa na haja ya kulitamka, kwamba mtoto yule, hata akiwa hoi, analo tumbo la kupokea maziwa.

Sharti hilo halimo kwa mtoto azaliwaye na gastroskisisi, yaani tundu kando ya kitovu ambamo matumbo hutokea nje pasipo utando wa kuyasitiri. Kwa kuwa yameelea katika maji ya uzazi, huwa yamevimba na kuwa mazito, na hata mpasuaji akifaulu kuyarudisha mahali pake, aghalabu hukaa wiki kadhaa bila kusukuma kitu. Hivyo zamani aliyesalimika na kisu mara nyingi alikufa kwa njaa. Mwenye omfaloseli, ambaye matumbo yake yamo ndani ya utando, ana heri kidogo katika jambo hili, kwani mara nyingi huweza kunyonya mapema, ilhali utando unapakwa dawa hadi ngozi iufunike.

Faraja ilitoka mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arvid Wretlind wa Uswidi alipata mchanganyiko wa mafuta ya soya uwezao kutiwa mshipani kwa salama. Mwaka 1967 Samuel Schuster wa Marekani alieleza namna ya kuyafunika matumbo na kuyarudisha kidogo kidogo. Na mwaka 1968 Douglas Wilmore na Stanley Dudrick, huko Philadelphia, walitangaza habari za mtoto mchanga aliyekua kwa chakula cha mshipani peke yake.

Lakini chakula hicho ni daraja tu. Mrija hupitishwa puani kutoa nyongo, na muuguzi huitazama rangi yake kila zamu. Nyongo ikiacha kuwa ya kijani na ikapungua, ndipo dang'a ya mama, aliyoikamua tangu mwanzo hata kama mtoto hajaweza kuimeza, huanza kuingia kwa mililita chache, ikiongezwa kwa hadhari.

Tukirudi Kivu, Bukavu ina Hospitali Kuu ya Mkoa, na tangu 1999 ina hospitali ya Panzi, aliyoiasisi daktari Denis Mukwege baada ya hospitali ya Lemera, alikokuwa akifanya kazi, kushambuliwa mwaka 1996. Lakini mzazi wa kisiwa cha Idjwi hana budi kulivuka Ziwa Kivu kwanza, na matumbo yaliyo wazi hupoteza maji na joto kila saa ipitayo. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2021, uliokusanya habari za hospitali za nchi 74, ulikuta kwamba katika nchi maskini watoto 90 kwa kila 100 wa gastroskisisi walifariki, na katika nchi tajiri hawakufika wawili. Naona ni dhuluma iliyo dhahiri, kwa kuwa kinachowatenga watoto hao si elimu iliyofichika bali ni mfuko safi wa kuyasitiri matumbo, chakula cha mshipani, na muuguzi wa kukesha.