Kadi ya jumla na mtu wa bedsita

Mwaka jana mwezi wa nane nililipa shilingi 1,500 nipate kadi. Stoo moja hapa Bungoma mjini, sitaitaja, ilikuwa imeanza mpango: unalipa mara moja kwa mwaka, halafu unanunua kila kitu kwa bei ya jumla. Binamu yangu aliye Texas alikuwa ametuma video akisukuma toroli ya Costco imejaa tishu hadi huoni uso wake, nami nikasema, kwani sisi ni nani? Nikaingia Fuliza, nikalipa.

Naishi peke yangu kwa bedsita. Hapo ndipo sikuwaza.

Wacha niweke hesabu mezani ndio mnicheke vizuri. Sukari natumia kilo 2 kwa mwezi, na kadi ilikuwa inaniokolea shilingi 15 kwa kilo. Hiyo ni 360 kwa mwaka. Unga pakiti 4 kwa mwezi, naokoa 10 kwa kila moja: 480. Sabuni, mafuta na vitu vingine, tuseme 25 kwa mwezi: 300. Jumla 1,140. Kadi ni 1,500. Yaani kabla sijapanda boda na gunia mgongoni, tayari nimepoteza 360. Na boda si ya bure.

Ilinichoma hadi nikaanza kutafuta hizi kadi zilitoka wapi. Nikagundua kitu ambacho hakuna mtu wa TikTok aliniambia: kadi haikutengenezewa mtu kama mimi.

Mwenye wazo ni mzee anaitwa Sol Price wa San Diego, Marekani. Mwaka 1954 alifungua FedMart, duka la wafanyakazi wa serikali, uanachama dola 2. Lakini ile ya ghala kubwa, sakafu ya simiti na bidhaa zikiwa bado kwa maboksi, aliianza 1976. Iliitwa Price Club, ndani ya banda la zamani la ndege, ada dola 25 kwa mwaka. Sasa sikiza: wateja wa kwanza hawakuwa familia. Walikuwa wenye biashara ndogo. Mwenye mkahawa, mwenye duka la kona, watu wa kununua katoni nzima wakauze moja moja. Mwanzoni biashara ilienda pole sana, ndio wakafungulia watu wengine, wakiwemo wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, yaani sacco zao. Costco ilikuja 1983 kule Seattle, na 1993 hizo mbili zikaungana. Leo kadi yao ya kawaida ni dola 65 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya faida ya kampuni inatoka kwa hizo ada, si kwa tishu za binamu yangu.

Kwa hivyo kadi ilikuwa ya mama duka. Mimi nilikuwa nimevaa kiatu cha mtu mwingine.

Ukirudi nyuma zaidi unakutana na Rochdale, Uingereza. Mwaka 1844 watu 28, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo, kila mmoja alichanga pauni moja. Pauni moja kwao ilikuwa pesa nzito, walidunduliza peni kidogo kidogo kila wiki. Tarehe 21 Desemba wakafungua duka la kuuza siagi, sukari, unga wa ngano, unga wa oti na mishumaa. Vitu vitano tu! Maduka ya siku hizo yalikuwa yanachanganya unga na vitu visivyoliwa, na wao walitaka chakula safi, kipimo cha haki. Faida ikirudi, inagawanywa kulingana na ulinunua kiasi gani. Hapo hakuna mtu aliyenunua gunia akaenda kulitazama peke yake nyumbani.

Na sisi huku je? Hapa ndipo nilishtuka, kwa sababu kadi ya aina hii ilikuwa Kitale kabla babu yangu azaliwe. Walowezi wa Trans Nzoia, wengi wao wanajeshi waliopewa mashamba baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walikuwa na Kenya Farmers Association, KFA, iliyoanza 1923. Reli ikafika Kitale 1926. Ukiwa mwanachama unapata mbegu, mbolea na magunia kupitia chama, na mahindi yako yanauzwa na chama. Raha sana, ukiwa mlowezi. Wakati wa Vita vya Pili serikali ilipoweka udhibiti wa mahindi mwaka 1942, KFA ikafanywa wakala wake, na bei ya gunia la mzungu ilikuwa juu ya bei ya gunia la Mwafrika. Mahindi ni yale yale. Sheria ya vyama vya ushirika iliyofungulia Waafrika mlango vizuri ilikuja 1945. Baada ya uhuru KFA ikawa ya wote, ikabadilishwa jina kuwa KGGCU mwaka 1984, ikarudia jina lake 1996.

Kwa hivyo mtu akikuonyesha kadi, swali la kwanza kwangu siku hizi si bei. Ni nani mwingine yuko ndani, na nani amebaki nje.

Halafu kuna dumuzi. Huyu mdudu, wengine huku humwita Osama, alitoka Amerika ya Kati, akaonekana upande wa Tabora, Tanzania, karibu mwaka 1980, kisha akasambaa hadi kwetu. Anatoboa mahindi makavu hadi yanabaki unga. Mimi nilinunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa bei poa, nikaliweka chini ya kitanda nikijiona mjanja. Gunia kama hilo ni gorogoro 45 hivi. Miezi mitatu baadaye nililifungua, likapumua vumbi. Nilitupa kama gorogoro 15. Hakuna kadi duniani inarudisha hiyo.

Sasa wale wanaocheka uchumi wa kadogo, sukari robo, mafuta ya kumi, sabuni ya kukatwa na kisu, ndio nawajibu. Ndiyo, ukipiga hesabu kwa gramu, robo ni ghali. Lakini ukilipwa leo jioni, ama unangoja pesa ya miwa ambayo huja ikija, robo haikushikii pesa. Mama duka amekununulia gunia, amelilinda na panya, amekukopesha hadi Ijumaa. Hizo shilingi chache za juu ndizo ada yake. Yeye ndiye kadi yangu, na nilikuwa sijui.

Kukhu yangu anakaa Kimaeti, huko Bumula. Nilipompelekea hii hadithi alicheka hadi akatoa leso. Wao wako wamama 14. Kuanzia mwezi wa pili kila mmoja anatoa shilingi 50 kwa wiki, wiki 40, na mwezi wa kumi na moja wako na 28,000. Wawili wanatumwa mjini, wanakodi pikapu moja, wanarudi na sukari, mchele, unga wa ngano na mafuta. Wanapima kwa gorogoro chini ya mwembe, mbele ya kila mtu, na kabla ya Krismasi hakuna gunia limebaki.

“Kukhu, na mkosane?” nikamuuliza.

“Tulishakosana. Mmoja alikula pesa. Ndio sasa kitabu kinakaa kwa huyu, pesa kwa yule.”

“Na kadi?”

“Kadi ya nini na wewe unakula peke yako?”

Kadi yangu inaisha mwezi wa nane, sijairudisha. Nimeongea na majirani watatu wa ploti tuitumie pamoja: mmoja ana watoto wawili, mwingine anachoma chapati stejini asubuhi. Wa chapati alikubali haraka, unga anaumaliza kwa wiki. Huyu wa tatu bado anauliza gunia litalala kwa nyumba ya nani.