Wagoa wa Unguja: Kutoka Pwani ya India hadi Mji Mkongwe

Kadi za posta zilizochapishwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 zinaonesha njia moja ya Mji Mkongwe iliyopewa jina la Mtaa wa Wareno. Wakati huo utawala wa Wareno visiwani ulikuwa umekoma miaka 200 nyuma. Wenye maduka waliofahamika kwa jina hilo walikuwa Wagoa, wenyeji wa Goa, pwani ya magharibi ya India, ambao kwa sheria walihesabiwa raia wa Ureno.

Ureno iliitwaa Goa mwaka 1510 na kuifanya makao makuu ya milki yake ya mashariki. Amri zilizohusu pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, zilitoka huko. Waomani walipoiteka ngome hiyo mwaka 1698, kanisa la Wareno la Unguja nalo halikusalimika. Mahali pake ndipo iliposimamishwa Ngome Kongwe ya Forodhani.

Wagoa waliokuja katika karne ya 19 hawakuja kutawala. Walikuja kutafuta riziki. Ardhi ya Goa ilikuwa finyu na mashamba mengi ya mpunga yalikuwa mikononi mwa wachache, hivyo vijana walianza kwa kwenda Bombay, kisha wakavuka bahari. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kuanzia mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zikawa na safari za kawaida za kufika Unguja. Aghalabu mwanamume alitangulia peke yake, akapata kazi, ndipo akamwita ndugu au kurudi kwao kuoa. Fedha zilizotumwa nyumbani zilijenga nyumba katika vijiji vya Salcete na Bardez.

Kilichowapa nafasi Unguja ni ujuzi. Shule za parokia za Goa zilifundisha kusoma nota za muziki, na Sultani Barghash bin Said (1870–1888) alikuwa na bendi ya wapigaji wa Kigoa. Wengine walikuwa washonaji, wapishi, waokaji mikate na wauzaji wa bidhaa za Ulaya. Baada ya Unguja kuwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, makarani wa Kigoa waliongezeka katika ofisi za serikali. Mpigapicha A. C. Gomes aliacha picha za mitaa, bandari na watu wa Unguja ambazo watafiti wangali wanazitegemea.

Kanisa la Mtakatifu Yosefu, maarufu kwa jina la Minara Miwili, lililojengwa kati ya 1893 na 1898 na wamisionari Wafaransa, likawa kitovu cha maisha yao. Sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, ambaye mwili wake umehifadhiwa Goa, iliadhimishwa kila tarehe 3 Desemba. Hata hivyo, jamii hii haikuwa kitu kimoja: tabaka la ukoo lililotoka Goa lilisafiri nao, na katika miji ya Afrika Mashariki karani na mshonaji hawakukaa klabu moja kwa urahisi.

Uraia ulikuwa fumbo la kudumu. Mgoa mmoja angeweza kusali kwa Kilatini, kuzungumza Kikonkani nyumbani na Kiswahili sokoni, kuandika Kiingereza kazini, na kubeba pasipoti ya Lisbon. Mwezi Desemba 1961 majeshi ya India yaliitwaa Goa, na wengi wakalazimika kuchagua upya taifa lao. Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Desemba 1963, Zanzibar ikapata uhuru. Tarehe 12 Januari 1964 yakafuata Mapinduzi. Nafasi za ukarani zikapita mikononi mwa wananchi wengine, biashara binafsi ikapungua, na familia nyingi zikaondoka kwenda Tanzania Bara, Kenya, India, Uingereza na Kanada. Kwa waliozaliwa Unguja, Goa ilikuwa nchi ya masimulizi tu. Kuhama huku kulikuwa kuondoka nyumbani, si kurudi.

Wachache walibaki. Miongoni mwao ni mchoraji John da Silva, aliyezaliwa Goa na kuletwa Unguja akiwa mtoto, ambaye kwa miongo mingi alichora milango, roshani na vichochoro vya Mji Mkongwe, baadhi yake vikiwa ni vya majengo ambayo sasa yameporomoka.