Ngazidja: kisiwa chenye mvua nyingi kisicho na mto

Inawezekanaje mahali panyeshe mvua kubwa karibu nusu ya mwaka, na bado watu wapimiane maji kwa ndoo? Jibu tunalipata Ngazidja, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, kilicho baharini kati ya kaskazini mwa Msumbiji na Madagaska. Huko hakuna hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima.

Sababu ni mlima. Ngazidja yote imejengwa na volkano: La Grille upande wa kaskazini, na Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, unaoshika sehemu ya kati na kusini. Karthala ungali hai. Tangu karne ya 19 umelipuka zaidi ya mara 20, na mawe uliyoyatema bado ni machanga, yamejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha, maji hayapati nafasi ya kukusanyika yakawa kijito. Yanazama papo hapo, kama ndoo iliyomwagwa juu ya lundo la kokoto, na mengi huishia baharini kwa chini chini. Wasikilizaji wetu wa Goma wanalijua jiwe la namna hiyo. Hata visima vya pwani mara nyingi hutoa maji ya chumvichumvi, kwa kuwa bahari nayo huingia kwa nyufa hizo hizo.

Kwa hiyo vijijini watu huvuna maji ya paa. Msimu wa kaskazi, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi, mvua hujaza mabirika ya mawe na saruji, na hayo ndiyo maji ya kunywa, kupikia na kutawadhia mpaka kusi ipite. Birika likipasuka katikati ya kiangazi, nyumba nzima ina shida.

Hapo ndipo volkano inapomfikia hata anayeishi mbali na moto. Mwaka 1903 gesi ya Karthala iliua watu 17. Mwaka 1977 lava, yaani mwamba ulioyeyuka, ilishuka hadi kijiji cha Singani na kuteketeza nyumba, ingawa wakazi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mwaka 2005, mwezi Aprili na tena Novemba, mlima ulirusha majivu. Yalianguka juu ya mapaa na ndani ya mabirika, na makumi ya maelfu ya watu wakabaki na maji yasiyofaa kunywa. Kwa maoni yetu hilo ndilo tishio lisilosemwa vya kutosha: lava hufuata njia yake, ila majivu huenda na upepo. Anayevuna mvua karibu na volkano yoyote, majivu yakianza tu, atenganishe bomba la paa na tangi, afunike tangi, na asirudishe bomba kabla paa halijasafishwa.

Juu ya mashamba ya migomba kuna msitu, na msitu huo nao ni chombo cha maji. Mawingu ya baharini hugonga mlima, na matawi yaliyovaa kuvumwani hunasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone. Humo anaishi bundi mdogo asiyepatikana popote duniani isipokuwa Karthala. Juu zaidi, karibu na kasoko, miti inageuka vichaka vya majani madogo, makao ya ndege mwingine wa mlima huo peke yake, mdogo, mwenye duara jeupe kuzunguka jicho.

Chui au swala hutawaona. Kisiwa hiki hakijawahi kuungana na bara, hivyo wanyama wanyonyeshao waliofika wenyewe ni wale wenye mabawa, yaani popo. Kwenye visiwa jirani vya Nzwani na Mwali yuko popo wa Livingstone, ambaye mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja na nusu. Wamebaki zaidi kidogo ya elfu moja, na hulala kwenye miti mikubwa ya miteremkoni, ile ile inayokatwa kwa mbao na mashamba. Nzwani, kisiwa kikongwe kuliko Ngazidja, kina udongo mzito na mito. Msitu ulipofyekwa, baadhi ya mito hiyo ilianza kukauka kiangazi. Hatuwalaumu wakulima, maana udongo wa volkano una rutuba na ardhi tambarare ni haba. Lakini mto uliopotea haurudi kwa msimu mmoja.

Mteremko wa Ngazidja hauishii ufukweni. Unaporomoka baharini kwa ghafla, na kwenye mapango ya lava, karibu mita 200 chini, hujificha mchana samaki aitwaye gombessa. Wanasayansi waliamini alikwisha kutoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alivuliwa Nzwani mwaka 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote. Humpata kwa bahati mbaya usiku, wakitega samaki wengine kutoka kwenye ngalawa, na nyama yake ya mafuta haina mteja. Tangu mwaka 2004 amenaswa pia mara kadhaa kwenye nyavu za Tanga, ambako Tanzania imemtengea hifadhi ya bahari.