Mhadhara ni wa Bure, Lakini Ulihitimu Mwaka Gani?

Leo nataka tuongee kuhusu kisanduku kimoja kidogo kwenye fomu. Kimenikera wiki nzima na lazima nikitoe moyoni.

Stori ni hii. Niliona tangazo la chuo kikuu kimoja hapa nchini: mhadhara wa bure, mtandaoni, saa moja jioni, wote mnakaribishwa. Mada ilikuwa jinsi nyumba za Eastlands zilivyojengwa wakati wa mkoloni. Mnanijua. Mimi ni mtoto wa Eastlands na nusu ya video zangu ni kuhusu hii mitaa. Nikamwambia shosho tutasikiliza pamoja, kwa sababu yeye ameishi kwenye hizo nyumba tangu miaka ya sitini. Akafurahi. Hata swali alikuwa nalo tayari: mbona vile vyumba vilijengwa kana kwamba hakuna mwanamke atakuja Nairobi?

Bando nikanunua, simu nikachaji, nikafungua fomu. Jina, sawa. Barua pepe, sawa. Halafu: "Mwaka wa kuhitimu." Kando kuna kinyota chekundu, yaani lazima ujaze. Nikaruka, fomu ikakataa. Nikaweka sifuri, ikakataa.

Wengi wenu hamjui hii. Niliingia chuo, nikatoka mwaka wa pili kwa sababu karo ilitushinda. Sina mwaka wa kuhitimu. Kumbe "wote" ilimaanisha wote waliomaliza. Ningeweza kudanganya, ndiyo, lakini shosho alikuwa ameketi hapo kando na miwani yake, na sikutaka anione nikijiandikia digrii ambayo sina.

Tukazima simu, tukakunywa chai.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, na nikagundua kitu. Mhadhara wa bure na chama cha wahitimu ni vitu viwili tofauti. Vilizaliwa mbali mbali, kwa sababu tofauti kabisa. Sisi ndio tumeviunganisha, halafu tunashangaa mlango umekuwa mwembamba.

Tuanze na mhadhara. London, miaka ya 1500, kulikuwa na tajiri anaitwa Thomas Gresham. Alikuwa mfanyabiashara, na ndiye aliyejenga soko kubwa la wafanyabiashara la Royal Exchange. Alikufa 1579. Kwenye wosia wake aliacha nyumba yake na mapato ya lile soko yatumike kulipa maprofesa saba. Kazi yao? Kufundisha watu wa mji bure. Masomo yalikuwa saba: dini, sheria, tiba, muziki, balagha, jiometri na elimu ya nyota. Mkewe alipoaga, mihadhara ikaanza, 1597.

Wakati huo Uingereza ilikuwa na vyuo vikuu viwili tu, Oxford na Cambridge, na lugha ya usomi ilikuwa Kilatini. Gresham College ikaamua mhadhara utolewe kwa Kilatini na pia kwa Kiingereza, ili mfanyabiashara na baharia waelewe. Baharia! Mtu anataka kujua nyota zitamsaidiaje baharini, anaingia, anasikiliza, anaenda zake. Na mwaka wa 1660, baada ya mhadhara wa Christopher Wren pale pale, watu kadhaa walibaki wakipiga stori, wakaamua kuanzisha chama cha sayansi. Hicho ndicho leo tunaita Royal Society.

Hicho chuo bado kipo. Mihadhara yake bado ni ya bure, na siku hizi unaweza kuiona kwenye simu yako hapo ulipo. Lakini kilichonigusa ni kwamba Gresham College haitoi digrii. Kwa hivyo haina mtu wa kumuuliza alihitimu lini. Zaidi ya miaka mia nne, na sifa ya kuingia ni moja tu: umekuja.

Sasa chama cha wahitimu. Hiki ni cha juzi ukilinganisha. Marekani, jimbo la Massachusetts, mwaka wa 1821, Williams College ilikuwa taabani. Mkuu wa chuo, Zephaniah Swift Moore, alikuwa ameamua kuondoka na baadhi ya wanafunzi kwenda kuanzisha Amherst College. Watu wakaanza kusema Williams itafungwa. Waliokuwa wamesoma hapo wakakutana, wakaunda chama cha kukiokoa chuo chao. Ndicho kinachohesabiwa kuwa chama cha wahitimu cha kwanza Marekani.

Umeona tofauti? Mhadhara wa bure ulizaliwa ili mtu wa nje aingie. Chama cha wahitimu kilizaliwa ili wa ndani wasipotee, na pesa zao zisipotee pia. Sisemi ni vibaya. Chuo kina bili. Ukiwa na watu elfu kadhaa waliosoma kwako na sasa wana kazi nzuri, ni akili kuwaita, kuwakumbusha zamani, na baadaye kuwaomba mchango wa maktaba au wa wanafunzi wasio na karo. Hiyo pesa ingenisaidia hata mimi. Waiteni, wafanyieni karamu. Shida inaanza pale karamu ya familia inapoandikwa "wote mnakaribishwa".

Historia pia inaonyesha kwamba kutoka nje ya geti kuna uzito wake. Mwaka wa 1968, mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alikuwa akifundisha chuo kikuu kule Jamaika. Jioni na wikendi alikuwa akienda kwenye mitaa ya maskini ya Kingston, anakaa na Marasta na vijana wasio na kazi, anawaongelea historia ya Afrika, nao pia wanamfundisha yao. Hakukuwa na ada wala kadi ya mwanachama. Oktoba mwaka huo alirudi kutoka mkutano Kanada, serikali ikamkataza kushuka kwenye ndege. Kesho yake wanafunzi wakaandamana na mji ukawaka. Rodney akarudi Dar es Salaam, alikokuwa amefundisha hapo awali, na mwaka wa 1972 kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikachapishwa. Fikiria hilo. Darasani aliachwa afundishe. Alipopeleka somo mtaani, ndipo serikali ikashtuka.

Lakini mfano unaoniuma ni wa hapa kwetu, Mombasa.

Kulikuwa na kijana wa ukoo wa Mazrui, amezaliwa 1933. Mtihani wa mwisho wa shule haukumwendea vizuri. Makerere, ambayo ndiyo ilikuwa ndoto ya kila msomi wa Afrika Mashariki wakati huo, haikumchukua. Akapata kazi kwenye taasisi ya elimu ya Kiislamu pale Mombasa, MIOME, ambayo leo ni Technical University of Mombasa. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini kukawa na sherehe za Maulidi, na huyo kijana akapewa nafasi ya kuzungumza. Gavana wa Kenya, Philip Mitchell, alikuwa amekaa hapo akisikiliza. Ile hotuba ilimgusa, na kutokana nayo kijana akaja kupata ufadhili wa kwenda Uingereza kumalizia shule.

Huyo ni Ali Mazrui. Digrii ya kwanza Manchester 1960, ya pili Columbia kule New York 1961, udaktari Oxford 1966. Na Makerere iliyomkataa? Alirudi pale kama profesa. Mwaka wa 1979 BBC ilimpa mihadhara ya Reith, ile inayotangazwa redioni kila mtu asikie, akazungumza kuhusu hali ya Afrika. Mtu mwenye redio kijijini aliweza kumsikia bila kuulizwa cheti.

Sasa rudi kwenye ile siku ya Maulidi. Weka pale mlangoni kisanduku chenye kinyota chekundu: mwaka wa kuhitimu. Huyo kijana angejaza nini? Hakuwa na chochote cha kuandika, na yeye ndiye aliyekuwa na cha kusema.

Ndiyo maana nasema hasara kubwa si yangu. Mimi nitasoma vitabu, nitatafuta rekodi, nitapata. Hasara ni ya ule mhadhara. Walikaa saa nzima wakijadili vyumba vya Eastlands, na mwanamke aliyelea watoto wanne ndani ya kimoja hakuwepo kuuliza swali lake. Huenda msomi angekuwa na jibu zuri, kwamba vingi vilijengwa kwa hesabu ya mwanamume mmoja aliyetoka kijijini kufanya kazi na kurudi. Huenda shosho angemwambia walivyotundika pazia katikati ya chumba ili wazazi walale upande huu na watoto ule. Hiyo ni elimu pia, na ilibaki kwenye kochi letu.

Kwa hivyo ombi langu kwa vyuo ni dogo, na halina gharama. Kama tukio ni la wahitimu, andikeni ni la wahitimu, hatutakasirika. Kama ni la umma, toeni hicho kisanduku, au ongezeni sehemu moja ya kuchagua: "Mimi ni jirani tu." Na rekodi iwekwe wazi baadaye, maana si kila mtu ana bando saa moja jioni.

Na nyinyi mlio na digrii, msinielewe vibaya, hongereni, mlipambana. Ila ukitumiwa linki ya mhadhara mzuri, usiufungue peke yako na iafoni masikioni. Weka sauti juu. Ita jirani. Ita shosho.

Kuna mhadhara mwingine mwezi ujao, chuo kile kile, fomu ile ile. Nimeshajaza. Pale kwenye mwaka wa kuhitimu nimeandika 1597.

Tuone kama watanikataa.