Degedege na Ndege

Swali lilikuwa na visanduku viwili tu, Ndiyo na Hapana. Umewahi kuzimia, kupata kifafa au kupoteza fahamu kwa sababu yoyote ile? Mdogo wangu alikuwa ameshika kalamu. Akaniangalia. Tulikuwa tumekaa nje ya nyumba ya akko, nyanya yetu, hapa Korbesa, jua likishuka, na sote wawili tulijua jibu. Yeye alilijua kwa kusimuliwa. Mimi nililiona kwa macho.

"Weka Hapana," nikamwambia.

Sikufikiria hata sekunde mbili. Nimekaa na hizo sekunde mbili karibu mwaka mzima sasa, na ndizo zimenifanya nianze kusoma historia ya kile kisanduku.

Kwanza, nilichokiona. Ilikuwa mwisho wa 2006, ile mvua kubwa iliyofurisha kaskazini na kuleta homa ya Bonde la Ufa kule Garissa. Korbesa iko karibu na Merti, kando ya mto Ewaso Nyiro, ambao sisi tunauita Waso tu, na Waso ukifurika, mbu nao wanafurika. Mdogo wangu alikuwa na miaka miwili. Mimi nilikuwa na minane. Usiku mmoja mwili wake ulichemka, macho yakageuka yakabaki meupe, mikono na miguu ikaanza kurukaruka. Akko akamwekea kijiko mdomoni. (Usifanye hivyo, tafadhali. Mlaze mtoto kwa ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni. Lakini nani alikuwa ametuambia?) Asubuhi alipelekwa zahanati, na muuguzi, mtu wa Pwani aliyetumwa huku kwetu na serikali, akaandika neno moja kwenye daftari lake: degedege.

Nyumbani tunaongea Kiborana. Hilo neno nililijua siku hiyo, na lilinishangaza kwa sababu lilikuwa na ndege ndani yake. Kumbe si bahati mbaya. Dege ni ndege mkubwa, na wazee wengi wa Pwani, Kenya na Tanzania, waliamini kuna ndege anayepita juu ya mtoto usiku na kumshika. Wengine huuita ugonjwa huohuo nyuni, na nyuni pia ni ndege. Kwa hiyo Kiswahili kilishamuunganisha mdogo wangu na angani kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Aliamua 2020. Mwanzoni mwa mwaka huo nzige walikuwa wamejaa Isiolo, na ndege ndogo za kunyunyizia dawa zikawa zinapita chini chini juu ya miti. Wengine wetu tulikuwa tunapiga masufuria kufukuza nzige. Yeye alikuwa anakimbiza ndege. Baadaye ukaja ule ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya maana. Mbuzi walikufa, karo yangu ikaisha nao, nikarudi nyumbani kutoka chuo mwaka wa pili na sijarudi tena. Yeye alimaliza sekondari na alama nzuri. Ndugu wakachanga: wa Isiolo mjini, wa Nairobi, hata wa Dubai. Shule ya urubani ikatupa ushauri mmoja wa maana: kabla hujalipa chochote, nenda upimwe afya, Daraja la Kwanza, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Ndipo tukafika kwenye kisanduku.

Serikali za dunia zilianza kumuuliza rubani maswali ya mwili wake kwa pamoja mwaka 1919, kwenye mkataba wa Paris, vita vikiwa vimetoka tu kuisha. Mkataba wa Chicago ukaja 1944, na mwaka 1948 ukapata Kiambatisho cha Kwanza, ambacho mpaka leo ndicho kinachosema nani apewe leseni ya urubani. Vingi vilivyomo vinapimika: macho, masikio, moyo, rangi kwa zile picha za vidoti alizotunga daktari Mjapani Shinobu Ishihara mwaka 1917. Lakini kuna vitu hakuna mashine ya kuvikamata. Kupoteza fahamu miaka kumi na saba iliyopita hakuachi alama kwenye mkojo. Hapo Kiambatisho hakina njia ila kukuuliza na kukuamini. Kinakataa kifafa. Kinakataa pia kupoteza fahamu kusiko na maelezo ya kitabibu yanayoridhisha.

Nilisoma sentensi hiyo ya mwisho mara kumi hivi. Haisemi ukizimia umeisha. Inasema maelezo.

Sasa, mimi si mjinga, na mdogo wangu si mwongo. Ile Hapana ilinitoka haraka kwa sababu nimelelewa nayo. Akko alikuwa msichana wakati wa vita vya Shifta. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwisho wa Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru. Kufikia 1966 serikali ilianza kuwakusanya wafugaji kwenye vijiji vya kulindwa, Merti na Garba Tula vikiwemo. Ng'ombe na ngamia walikufa ndani ya uzio kwa kukosa malisho, wengine walipigwa risasi nje yake. Waborana wa Waso wanauita wakati huo Gaf Daba, siku mambo yaliposimama. Na kila mahali palikuwa na meza, na nyuma ya meza mtu na daftari. Una ngamia wangapi? Ndugu yako wa kiume yuko wapi? Ulilala wapi jana? Akko anasema jibu refu lilikuwa na hatari kuliko fupi. Anasema hivyo mpaka leo, hata mtu wa sensa akija.

Ukikulia kwenye nyumba kama hiyo, fomu si karatasi. Ni meza ileile.

Na kusema haki, hofu ya akko si ushamba. Wapo marubani wa nchi tajiri waliomfuata bila kumjua. Stanmore Cooper, Mmarekani, aligundulika na virusi vya Ukimwi 1985, wakati huo ukiwa navyo hupewi cheti. Akaacha kuruka. Mwaka 1994 akaomba tena bila kutaja. Mwaka uliofuata aliugua sana, akaomba msaada wa serikali kwa walemavu, na huko akasema ukweli wote. Miaka michache baadaye ofisi mbili za serikali zikalinganisha majina: nani anapokea pesa za ulemavu na bado ana leseni ya urubani. Akashtakiwa, akakiri. Naye akaishtaki serikali kwa kupeana siri zake, na mwaka 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ikamwambia maumivu ya moyo peke yake hayalipwi fidia. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kufikia wakati huo marubani wenye virusi walikuwa tayari wanaruhusiwa kuruka. Ulichomwambia mtu wa meza hii kilifika meza ile. Nilipomsimulia akko, alicheka. "Sasa wewe ulifikiri?"

Lakini kuna upande wa pili, na huo sikumsimulia. Tarehe 24 Machi 2015, rubani msaidizi wa Germanwings, Andreas Lubitz, aliiangusha ndege kwenye milima ya Alps, watu 150 wakafa. Wengi tunakumbuka hapo tu. Mimi nilikuwa sijui kwamba alishawahi kuugua sonona 2008 na 2009, ikajulikana, akatibiwa, na akapewa cheti chenye alama maalum. Yaani ule ugonjwa uliojulikana haukumzuia kuwa rubani. Uliorudi, alioficha, ndio ulioua. Wachunguzi wa Ufaransa, kwenye ripoti yao ya 2016, walitaja hofu ya kupoteza leseni na kipato kama sehemu ya sababu za ukimya wake. Sitaki kumtetea. Ila ukijenga mlango ambao anayesema kweli anatokea nje moja kwa moja, utabaki na wasiosema. Wamarekani waliliona hilo mapema kidogo: mwaka 2010 waliporuhusu dawa nne za sonona kwa marubani, waliwapa waliokuwa wakificha miezi sita wajitokeze bila kuadhibiwa.

Kuna jambo dogo lililonimaliza kabisa, na ni hesabu tu. Cheti cha Daraja la Kwanza, ukiwa chini ya miaka 40, kinadumu miezi 12. Mdogo wangu ana 20. Kwa hiyo Hapana yake si moja. Ataiandika tena mwakani, na mwaka ule mwingine, zaidi ya mara arobaini kabla ya kustaafu, kila mara akiweka sahihi chini yake. Na kila akisikia kizunguzungu cha kawaida atakuwa hana daktari wa kumwambia.

Usiku wa kuamkia kupimwa, yeye akiwa tayari Nairobi kwa binamu yetu, nilimpigia simu. Nikamwambia achukue fomu mpya.

"Bro, si wewe ndiye ulisema..."

"Najua nilisema."

Alinyamaza sana. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: pesa za watu zitarudishwaje wakikataa?

Daktari hakushtuka. Aliuliza kulikuwa na homa? Alikuwa na umri gani? Ulitetemeka mwili wote au upande mmoja? Dakika ngapi? Na tangu hapo? Degedege la homa kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, la mwili mzima, lisilofika dakika kumi na tano, mara nyingi huisha na utoto. Lakini watafiti wa Kilifi wameonyesha kwamba malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha kifafa nyuma yake. Kwa hiyo hakuwa anasumbua mtu. Alitaka kujua ni ndege gani alipita usiku ule. Daftari la zahanati lilishapotea zamani. Akasema, basi, kuna mtu aliyekuwepo? Aandike.

Niliketi na akko siku mbili. Nilidhani naijua hadithi yote, nilikuja tu kuthibitisha. Siku ya pili, akichemsha chai, akasema: "Ile ya pili ilikuwa fupi."

Ile ya pili?

Alikuwa na miaka mitatu na kitu. Mimi nilikuwa bweni. Homa tena, usiku tena, ikaisha kabla maji hayajachemka. Hakumwambia mtu, hata mama hakujua. Nikaweka kalamu chini. Ningeweza kuiacha. Hakuna karatasi, hakuna shahidi mwingine, na yeye mwenyewe asingenilaumu, maana ndivyo alivyonifundisha.

Nikaiandika. Nikamsomea ukurasa wote kwa Kiborana. Akanirekebisha mahali pawili: kijiko kilikuwa cha mbao, na si yeye aliyelia, ni mimi. Akauliza kama anatakiwa kuweka kidole. Nikamwambia akko, haihitajiki, ni barua tu. Akapaka kidole gumba wino wa kalamu yangu iliyovuja, akakibandika pembeni ya jina langu.

Daktari aliipeleka pamoja na faili, na mdogo wangu ametumwa kwa mtaalamu wa ubongo apimwe umeme wa kichwa. Pesa za kipimo hicho hazikuwa kwenye mchango, kwa hiyo tumeuza mbuzi wawili. Anapimwa Jumanne.