Kitabu na Mteremko

Nikipewa kitabu cha ufundi wa kuhifadhi udongo, sianzi na michoro. Huuliza kwanza: kilijaribiwa kwenye mteremko gani, na jembe alishika nani?

Hapa Usambara swali hilo lina historia. Mwaka 1946, huko Mlalo, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta. Karatasini hesabu zilikuwa safi. Mashambani mzigo uliwaelemea watu, hasa akina mama. Wasambaa waliupinga, na mwaka 1957 ukaachwa.

Nami ujanani nilipima matuta ya mama kwa kitabu kilichoandikiwa nchi tambarare. Mvua moja ikayabomoa, udongo ukateremka mtoni. Mama hakunigombeza, aliniuliza tu iwapo mwandishi amewahi kulima mlimani. Mpaka leo kila kitabu nakipima kwa swali lake.